Shajara: kutafuta kalenda ya simu itakayobeba harusi za Januari na Februari 2026

Novemba 2025, Jumatatu jioni

Nimeanza rasmi leo. Kazi ni kutafuta apu ya kalenda ya kuweka oda zetu zote za mahema, viti na mapambo, ili mimi nikiwa dukani Temeke, mdogo wangu akiwa saiti na dereva akiwa barabarani wote tuwe tunaona kitu kimoja. Daftari jeusi lipo na litaendelea kuwepo kwa ajili ya hesabu za advansi, ila daftari linakaa sehemu moja na sisi tuko sehemu tatu.

Kwa nini nahangaika sasa hivi na sio mwakani, angalia 2026 ilivyokaa. Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, na Ramadhani inategemewa kuanza 18 au 19 Februari kutegemea mwezi utakavyoandama, yaani Kwaresma na mfungo vinaingia wiki moja. Mwaka huu navyo vilifuatana ila ilikuwa mwanzoni mwa Machi, kwahiyo Februari nzima tulifanya kazi. 2024 Kwaresma ilianza 14 Februari na Ramadhani ikaja Machi, hapo katikati harusi za upande mmoja zilikuwa zinaendelea. Safari hii pande zote mbili zinafunga mlango pamoja tena katikati ya Februari. Jumamosi zilizobaki ni 3, 10, 17, 24 na 31 Januari, afu 7 na 14 Februari, basi, na hiyo ya 14 ni Valentine kwahiyo kumbi zote zinagombewa. Halafu Mapinduzi tarehe 12 Januari imeangukia Jumatatu, watu wa sendofu na kichen pati wanaipenda sana wikiendi ya namna hiyo kwa sababu ndugu wa mikoani wanapata siku ya kurudi.

Ndo maana nataka hii kitu iwe imetulia kabla Desemba haijafika.

Jumanne usiku

Leo sijadanlodi chochote, nimekaa na mdogo wangu tukaandika tunataka nini. Tumebishana kidogo maana yeye anataka kitu chenye muonekano mzuri na mi nataka kitu ambacho simu ikiibiwa Kariakoo kesho, oda zinabaki. Tumekubaliana hivi: iweze kuonekana bila bando, maana tukienda Kisarawe au ndani ndani huko Bagamoyo mtandao ni wa kubahatisha, vikumbusho vilie kwa wakati, watu watatu waone kalenda moja, iwe bure au bei ya kawaida, na isiombe ruhusa ya vitu visivyohusiana na kalenda.

Hilo la mwisho mdogo wangu aliona nazidisha ila ndani ya oda zetu kuna namba za simu za wateja, kuna ramani za majumbani kwao, kuna tarehe ambayo nyumba nzima itakuwa ukumbini na hakuna mtu nyumbani. Hizo ni taarifa za watu, wametuamini nazo.

Alhamisi

Siku ya kujaribu. Nimeweka apu kadhaa za bure nilizokuta juu kabisa nilipotafuta neno kalenda. Moja ilifunguka na tangazo la skrini nzima kabla hata sijaona tarehe, ikaomba majina ya kwenye simu, ikaomba na mahali nilipo. Nimeitoa hapohapo. Nyingine ni nzuri kwa macho ila kila kitu kizuri kiko nyuma ya malipo ya kila mwezi, hata kuchagua rangi.

Kilichonisaidia zaidi leo ni kuelewa kalenda ya Android inavyofanya kazi ndani, na hiki ndo kitu ambacho natamani kila mwenye biashara ndogo akijue kabla hajaanza kuhama hama. Toka Android 4.0 ya mwaka 2011, simu ina ghala moja la matukio ndani yake, na apu nyingi za kalenda zinasoma humohumo. Apu ni dirisha tu. Nimejaribu mwenyewe: nimeandika tukio moja kwenye Google Calendar, nikafungua Etar ambayo ni apu nyingine kabisa, tukio lipo, rangi ileile. Nikalifuta kule Etar, huku nako likaondoka.

Maana yake swali la kwanza sio apu gani nzuri, swali la kwanza ni tukio linaandikwa chini ya akaunti gani. Ukiandika tukio simu inakuuliza liingie wapi, kwenye akaunti yako ya Google au kwenye "simu yangu", na wengi tunapita tu bila kuangalia. Lililoandikwa kwenye simu peke yake linakaa kwenye simu peke yake, simu ikifa nalo linaondoka. Lililo kwenye akaunti utalikuta hata ukinunua simu nyingine.

Na kampuni za apu nazo zinakuja na kuondoka. Kulikuwa na Sunrise, kalenda iliyopendwa sana, Microsoft wakainunua 2015 na 2016 wakaifunga. Mwishoni mwa 2023 zile apu za Simple Mobile Tools, ambazo Simple Calendar ilikuwemo, ziliuzwa kwa kampuni ya ZipoApps, na wale waliokuwa wanaipenda kwa sababu haina matangazo wakachukua msimbo wake (maandishi ya programu) ulio wazi kwa wote wakaanzisha Fossify. Aliyekuwa na oda zake kwenye akaunti, au ameshatoa faili la .ics, alibadilisha dirisha tu akaendelea na kazi. Hilo faili la .ics ni fomati ya wote, haina mwenyewe, iko toka 1998 na karibu kila kalenda inaisoma.

Ijumaa

Nimebaki na tatu za kushindanisha, Google Calendar, Etar na Fossify Calendar.

Etar ni nyepesi sana, haina mbwembwe, inasoma ghala la simu moja kwa moja. Kwa simu ya dereva yenye nafasi ndogo naiona inafaa. Fossify ina wijeti nzuri kuliko zote, ile ya orodha unaiweka kwenye skrini ya mbele unaona oda zinazokuja bila kufungua chochote, na yenyewe haina hata ruhusa ya kutumia intaneti kwahiyo hakuna kinachotoka. Ila Fossify ina jambo la kuliangalia: ina hifadhi yake ya pembeni. Mpaka uingie kwenye setingi uwashe CalDAV, yaani sehemu ya kuunganisha na kalenda za akaunti zako, na utiki kalenda unazotaka, ndo inaanza kuonyesha na kuandika kwenye ghala la pamoja. Usipowasha, unachoandika kinabaki humo humo ndani yake na mdogo wako hatokiona hata usinki mpaka kesho. Nimewasha, nikaweka kalenda ya kazi ndo iwe chaguo la kwanza, imekaa sawa.

Google Calendar yenyewe ilishakuwepo kwenye simu siku zote, iko toka 2006, na nilikuwa naichukulia ni ya watu wa maofisini na mikutano yao. Nikiitazama kwa jicho la kazi yetu ina kitu kikubwa: akaunti tayari tunazo wote watatu.

Jumapili, baada ya kazi ya Mbezi

Suala la saa. Hili sijaona apu yoyote inayolibeba na ndilo linalogusa kila oda yetu.

Mteja anatuma voisi anasema "mje kufunga hema saa tano, wageni wanaanza kuingia saa kumi". Simu inataka 11:00 na 16:00. Kichwani unabadilisha haraka, unaongeza sita au unatoa sita, mtu mzima anaweza, ila ukiwa unaandika oda huku unaongea na mama mwingine dukani na dereva anasubiri hela ya mafuta, ni sehemu ambayo mambo yanaweza kuchanganyika. Na "saa moja" ya voisi bila kusema asubuhi au jioni ni masaa kumi na mbili ya tofauti.

Tulichoamua, saa inaandikwa mara mbili. Kwenye sehemu ya saa inawekwa ya simu ili kikumbusho kilie wakati sahihi, na kwenye jina la tukio inaandikwa kama mteja alivyosema, "saa 5 asb". Ukisoma tukio unalinganisha, zikipishana unajua kuna tatizo papo hapo. Simu nimeiweka kwenye masaa 24, hii ya AM na PM nimeitoa kwa wote maana 12 yake inachanganya zaidi.

Jingine ni kazi za baada ya saa sita usiku. Harusi ni ya Jumamosi, sherehe inaisha usiku, vijana wanafungua mahema saa saba usiku. Kwetu sisi bado ni kazi ya Jumamosi, kila mtu anasema hivyo na vijana wanalipwa hivyo, lakini kwa kalenda ile ni 01:00 ya Jumapili na inaruka kwenye kiboksi kingine. Ukiiandika peke yake kama tukio la kufungua, dereva akiangalia Jumamosi haioni. Kwahiyo hatuandiki kufungua kama tukio la pembeni, tunaandika oda moja ndefu inayoanza 11:00 Jumamosi na kuishia 03:00 Jumapili, inaonekana siku zote mbili. Nimeijaribu kwenye apu zote tatu na inaeleweka.

Upande wa nchi kwa nchi hakuna shida. Tuna mteja yuko Muscat anaandaa harusi ya dada yake hapa Dar, wao wako saa moja mbele yetu, alituma mwaliko wa kuongea kwa video 17:00 ya kwake na kwangu umeingia 16:00 bila mi kugusa kitu.

Jumatano

Vikumbusho. Simu yangu ni Android ya bei ya kawaida, na simu nyingi za hivi zina ubanaji mkali wa betri, apu ambayo hujaigusa muda inalazwa, kikumbusho cha saa moja kinakuja saa mbili na nusu ukiwasha skrini. Wengi wanaishia kulaumu kalenda wakati tatizo liko kwenye setingi za simu.

Niliyofanya: nimeingia kwenye setingi za betri nikaondoa vizuizi kwa apu ya kalenda, nikaangalia ruhusa ya arifa imewashwa (toka Android 13 apu mpya inabidi ikuombe hiyo ruhusa, ukikataa kwa haraka haraka ndo basi hailii), na nikaangalia ruhusa ya alamu za wakati kamili ambayo ilianza na Android 12. Baada ya hapo nimeacha simu imelala imefungwa usiku mzima na kikumbusho cha alfajiri, kimelia palepale. Nikarudia kwenye Hali ya ndegeni, kimelia pia, na oda zote zinaonekana bila mtandao. Nikaandika na oda ya majaribio bila mtandao, nilipowasha data ikapanda yenyewe na mdogo wangu akaiona.

Hili la betri limefanyika kwenye simu ya dereva pia, na nimemwonyesha mwenyewe lilipo maana simu ikipata toleo jipya setingi zinaweza kujirudisha.

Jumamosi asubuhi, kabla hatujapakia

Kushea. Nimetengeneza kalenda mpya kabisa inaitwa KAZI, tofauti na kalenda yangu binafsi yenye kliniki ya mama na ada za watoto, hizo hazimhusu dereva. Nimeitengeneza kwenye kompyuta kwa browser, nikaenda kwenye setingi za hiyo kalenda nikaongeza imeli zao. Kuna ngazi za ruhusa: kuona tu kama kuna nafasi au hakuna, kuona kila kitu, kubadilisha matukio, na kubadilisha pamoja na kumwongeza mtu mwingine. Mdogo wangu nimempa kubadilisha. Dereva anaona kila kitu ila habadilishi, na nilimweleza kwanza kabla ya kuweka, nikamwambia kaka hii sio kutokukuamini, ni kwamba simu ikiwa mfukoni inaweza kujibonyeza na oda ikahama siku. Akaelewa.

Mdogo wangu ana iPhone. "Dada kwangu haionekani." Ameweka akaunti ya Google kwenye kalenda ya iPhone, kalenda yake binafsi inaonekana ila KAZI haipo. Kumbe kalenda iliyoshewa inabidi ukaitiki kwenye ukurasa wa Google unaoitwa syncselect, unauingia kwa browser ukiwa kwenye akaunti yako, unatiki, unasevu, afu inashuka. Ikashuka.

Kitu cha kukumbuka kwa wanaotaka kufanya hivi: vikumbusho haviendi na kushea. Kila mtu anaweka vya kwake kwenye simu yake. Mimi ninavyo siku mbili kabla kwa ajili ya kuhakiki vitambaa vimefuliwa na kupigwa pasi, dereva anavyo jioni ya kuamkia na masaa matatu kabla ya kufika, mdogo wangu ameweka wiki nzima kabla kwa sababu ndo anayefuata maua.

Jumatatu

Majina ya matukio, kazi ndogo yenye faida kubwa kuliko nilivyofikiria.

Ukifungua kalenda kwa muonekano wa mwezi kwenye simu, kila kiboksi kinaonyesha herufi chache tu za mwanzo. Oda zetu zote zilikuwa zinaanza "Harusi ya", kwahiyo Januari nzima ilikuwa inasomeka Harusi, Harusi, Harusi, hujui ipi ni ipi mpaka ubonyeze. Tumegeuza, mwanzo ni vifaa: "H2 V200 Mbezi saa 5 asb", yaani hema mbili, viti mia mbili, Mbezi. Mapambo tu bila hema inaanza na M. Sasa hata kwenye kiboksi kidogo unaona H2, na hili ndo muhimu kwetu maana kalenda haijui kuhesabu stoo. Oda mbili siku moja kwa fundi mmoja wa nguo ni mgongano, kwetu sio mgongano mpaka hema ziishe. Tuna hema nne kubwa, unajumlisha H zilizoko Jumamosi hiyo, zikifika nne unamwambia mteja ukweli.

Ramani inaingia kwenye sehemu ya mahali, mteja akituma lokesheni tunabandika linki yake palepale, dereva anabonyeza ramani inafunguka, hamna tena kupigiana simu ya "nimefika kwenye mti mkubwa nikate wapi". Kiasi cha advansi na salio hatuandiki kwenye kalenda, hizo ni za daftari.

Rangi: kijani imelipiwa advansi, njano imeshikiliwa tu. Mdogo wangu alitaka rangi za kila eneo ila tumeacha, macho yanachoka.

Jumatano

Tarehe za Kiislamu. Google Calendar ina sehemu ya kuongeza kalenda ya pili, unachagua ya Hijria na inaandika tarehe zake pembeni ya hizi za kawaida. Nimeiwasha, inasaidia sana mteja akisema anataka kabla ya Shaaban kuisha. Lakini zile ni tarehe za hesabu, zimepangwa mbele, na kwetu mwezi unasubiriwa uandame na kutangazwa, kwahiyo siku moja ya tofauti ni kawaida. Kwa mteja wa singo inayotaka kufanyika siku za mwisho kabisa kabla ya mfungo, siku moja ni kubwa. Nimeandika tukio la siku nzima "Ramadhani inategemewa" tarehe 18 na 19 Februari, na oda yoyote inayoangukia 17 tunamshauri mteja asogee nyuma kama anaweza.

Mwaka wa Hijria ni siku 354 au 355, kwahiyo kila mwaka Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11. Nimesogeza kalenda mbele kuangalia na 2030 inaonyesha Ramadhani mbili ndani ya mwaka mmoja, ya Januari na nyingine inaanza mwishoni mwa Desemba. Biashara ya harusi ikiwa bado ipo mikononi mwetu, huo mwaka utataka mipango yake mapema.

Sikukuu za Tanzania nazo nimeziwasha, zinakuja kama kalenda ya pembeni.

Ijumaa usiku

Kuhamisha daftari. Oda zilizoshikwa ni nyingi kidogo kuandika moja moja kwa kidole kwahiyo nimeziingiza kwenye jedwali kwenye laptopu, nikasevu kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, Google Calendar inapokea ukiwa kwenye kompyuta. Vichwa vya safu lazima viwe vya Kiingereza, Subject na Start Date ndo haviepukiki. Na mfano wao wa tarehe unatanguliza mwezi. Tarehe 24 Januari haina utata kwa sababu hamna mwezi wa 24, hatari iko kwenye 3 na 10 Januari na 7 Februari, hizo zinaweza kugeuka Machi, Oktoba na Julai na usijue. Nimejaribu kwanza na mistari michache kwenye kalenda tupu, nikahakiki hizo tatu moja moja, afu ndo nikaingiza zote kwenye KAZI na kuifuta ile ya majaribio.

Mdogo wangu alisoma daftari kwa sauti, mimi nafuata kwenye skrini. Zote zipo.

Uamuzi basi: oda zinakaa kwenye akaunti ya Google, kalenda ya KAZI. Mimi natumia Google Calendar kuandika na wijeti ya Fossify kuangalia. Dereva anatumia Etar. Mdogo wangu anatumia kalenda ya iPhone aliyoizoea na hakuna sababu ya kumbadilisha. Apu nne tofauti na hakuna anayepata shida. Tukio likifutwa linakaa kwenye pipa kama siku 30 kabla halijaondoka kabisa, na kila mwisho wa mwezi natoa faili la .ics naliweka kwenye flashi inayokaa nyumbani, sio dukani.